Fundi Mapipa wa Toongabbie

Jina langu la ukoo ni la Kiingereza, na sitalitaja hapa kwa sababu limetajwa vya kutosha. Anayetaka kulijua atalijua kwa maana yake: ni jina la fundi wa kutengeneza mapipa. Huko Uingereza zamani mtu aliitwa kwa kazi yake. Mwoka mikate aliitwa hivyo, mshona nguo hivyo, kisha kazi zikafa na majina yakabaki kwa wajukuu na vitukuu ambao hawajawahi kushika nyundo. Mambo haya yote sikuyatafuta. Niliambiwa, nikaambiwa tena, na nikiingia kazini kesho nitaambiwa upya.

Hapa Sydney jina hili hufika kabla yangu. Naomba nyumba ya kupanga kwa barua pepe, wakala ananijibu kwa furaha, karibu Jumamosi uje uione. Jumamosi nafika, ananisalimu huku anachungulia nyuma yangu kumtafuta mwenye jina. Kwa daktari wa meno msichana wa mapokezi anaita, nasimama, ananiangalia, anaita tena kwa sauti zaidi. Nimesimama mbele yako, dada! Unataka nipande juu ya kiti? Halafu, wakishanikubali, linakuja lile swali, na linakuja na tabasamu: umelipata wapi jina hilo? Kama vile nililiokota kwenye kiti cha treni pale Blacktown.

Nilikuwa na jibu. Wamishonari walimbatiza babu yangu, nilisema, wakampora jina lake na kumbandika la kwao. Nikishalitoa jibu hilo watu hunyamaza. Mama mmoja kwenye semina ya kazini aliniomba radhi kwa niaba ya Uingereza nzima, na chai yake ikapoa mkononi. Nililipenda sana jibu langu. Nimelitoa kwa miaka kumi na moja, na kila mwaka lilizidi kunoga.

Mwaka huu tukapata mtoto wa kike. Jina lake la kwanza mke wangu alilichagua tangu mtoto akiwa tumboni, na juu ya hilo sikuulizwa. Lakini fomu ya kumsajili ina sehemu nyingine, ya jina la ukoo, na ilibidi tuirudishe ndani ya siku sitini. Niliapa kwamba binti yangu hatakuwa fundi mapipa. Hatatafutwa nyuma ya mgongo wake na mawakala wa nyumba. Nilitaka kumpa jina la babu, lile halisi, lile lililoporwa, ili kilichoibwa kirudi nyumbani hata kama nyumbani penyewe sasa ni Toongabbie.

Siku ya arobaini na moja sehemu hiyo ya fomu bado ilikuwa tupu. Jina la marehemu hulichukui tu hivi hivi. Unamwomba aliyebaki mkubwa nyumbani, na kwetu aliyebaki ni baba yangu. Na mimi na baba hatuna mazungumzo marefu. Nampigia, tunaulizana hali, ananiambia kama mvua imenyesha na mahindi yamefika wapi, namwambia kazi inaendelea, tunaagana. Imekuwa hivyo tangu nilipoondoka Kenya, na hata kabla ya hapo. Kwa hiyo nilikuwa naahirisha, leo kesho, leo kesho, huku fomu imebandikwa kwenye friji kwa sumaku.

Mke wangu ni Mkongo, wa Bukavu, na suala zima lilimchosha mapema.

"Papa, weye unasumbuka bure," aliniambia huku akimnyonyesha mtoto. "Kwetu kila mutoto iko na jina yake ye mwenyewe. Mimi na baba yangu tuko na jina tofauti, na ni baba yangu kabisa."

Nikamweleza kwamba hapa si Bukavu, kwamba kila airport kuna mtu anayetaka kujua kama mtoto ni wako, na majina yasipofanana anakuvuta pembeni.

"Ah bon? Basi andika tu ile yako, tulale."

"Langu silitaki."

"Na si weye unaitika yo kila siku?" Akamgeuza mtoto upande wa pili, na kwake mjadala ukawa umefungwa.

Kazi yangu ni kuwatunza wazee katika nyumba moja karibu na Seven Hills. Nawaogesha, nawavisha, nawalisha wanaohitaji kulishwa, naandika ripoti. Na katika wazee wote wa jiji hili, chumba cha tisa akaletwa mama mzee mwenye jina langu. Si la mumewe, hakuolewa; ni lake la kuzaliwa. Maboksi ya nepi zake huletwa yameandikwa jina la ukoo peke yake, basi wenzangu huyapanga mlangoni mwa kabati langu na kwenda kucheka jikoni. Mkenya mwenzangu mmoja, nesi, hachoki: "Buda, mzigo yako imefika. Size ni gani, tukuwekee medium?"

Maboksi ningeyavumilia. Mama mwenyewe ndiye aliyenimaliza. Ana faili nene la kijani, limefungwa kwa kamba ya kiatu, na ndani yake mna watu wote waliowahi kuitwa jina letu, akiwarudia nyuma mpaka kijiji fulani cha Uingereza chenye mto. Kumbukumbu yake imeanza kwenda. Hakumbuki kama amekula, hakumbuki kama jana nilimwogesha mimi au mwingine, lakini fundi mapipa hata mmoja hajampotea. Kila zamu hunisoma jina kifuani, hushtuka kama mtu aliyeona ndugu yake kituoni, na huanza.

"Binamu! Unajua maana ya jina letu?"

"Najua, mama. Inua mkono."

"Mapipa! Zamani kila kitu kilitiwa kwenye mapipa. Bia, siagi, samaki wa chumvi, hata baruti. Bila sisi meli isingeondoka bandarini." Mkono haujainuka. "Ubao unaupasha moto ili ukubali kupinda, halafu unaubana kwa pete ya chuma. Watu wenu walitengeneza mapipa?"

"Watu wetu walikuwa na vyungu na vibuyu, mama. Inua mkono."

"Na unakaa wapi?"

Hapa ndipo nilipojifunza kudanganya na kusema Villawood, kwa sababu nikisema Toongabbie tunakaa dakika ishirini zaidi na kifungua kinywa kinapoa. Babu wa babu yake aliletwa nchi hii kwa meli, mfungwa, kwa kosa la kuiba jibini, akalimishwa kwenye shamba la serikali pale pale Toongabbie. Anajivunia yule mwizi kupita kiasi. Siku moja nilisahau kudanganya, akapiga makofi. Mafundi mapipa wawili, akasema, wote Toongabbie! Nikamwambia mmoja aliletwa na pingu na mwingine alikuja kwa viza yake mwenyewe, baada ya kufanya mtihani wa Kiingereza mara mbili. Hakulisikia hilo, au alilisikia likaingia sikio hili na kutokea lile.

Siku hiyo ya arobaini na moja aliona picha ya mtoto kwenye simu yangu. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Ana jina letu?"

"Bado hajasajiliwa."

"Kaka zangu hawakuacha mtoto," akasema. "Mimi ndiye wa mwisho kwenye faili. Nilidhani limeishia kwangu, kumbe mpo."

Sijui ni uchovu wa kukesha na mtoto, sijui ni yale maboksi. Uvumilivu ulinitoka. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia na mzee yeyote, kwamba mimi si ndugu yake, kwamba babu yangu aliporwa jina lake na watu wa kwao, na kwamba binti yangu hataingia kwenye faili lile leo wala milele. Nilitegemea anyamaze kama wengine wanavyonyamaza. Akanitazama kwa utulivu, macho makavu kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe akaonekana mtu aliyewahi kufanya kazi ya maana.

"Una karatasi?" akauliza.

"Karatasi gani?"

"Ya kuonyesha nani aliandika nini, na lini. Kila jina humu lina karatasi yake. Hadithi za familia nimezisikia nyingi, binamu. Nusu yake huwa ni za mtu kujitetea."

Nilimfunga vifungo vya sweta vibaya, cha juu kwenye tundu la pili, nikatoka. Nilikasirika njia nzima mpaka nyumbani. Yaani mjukuu wa mwizi wa jibini ananiambia mimi ninajitetea!

Jumamosi, saa kumi na moja jioni kwetu, saa nne asubuhi kwao, nilimpigia baba. Baba ni mwalimu mstaafu. Kijiji kizima humwita Mwalimu, mama humwita Mwalimu, na jina lake mwenyewe hulisikii ila kwenye harusi akitambulishwa. Nilimwacha aniambie habari za mvua. Kisha nikamwomba jina la babu kwa ajili ya mtoto, na nikamwomba pia kama kuna karatasi yoyote ya ubatizo, kwa sababu nilitaka kujua ni nani hasa aliyempora babu jina lake.

Kuku walikuwa wanalia nyuma ya baba.

"Nani alimpora?" akauliza.

"Wamishonari, baba."

"Babu yako hakuporwa kitu. Kule misheni kila mwanafunzi wa bweni alikuwa na mfadhili Uingereza, na alibatizwa jina la mfadhili wake, ili barua zisichanganyike. Mfadhili wa babu yako ndiye aliyekuwa na jina hilo. Alilitumia akapata shule, na shule ilipoisha akaliacha huko huko. Mimi mwanawe sikuwahi kusikia mtu akimwita hivyo. Kitambulisho chake hakikuwa nalo. Msalaba wake hauna. Wewe ulimzika, hukuusoma?"

Niliusoma. Uliandikwa jina lake la nyumbani, kwa rangi nyeusi.

"Sasa mimi nililipata wapi?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo, kwa sababu wakati nauliza nilikuwa tayari nimeanza kukumbuka.

"Uliliandika mwenyewe," akasema baba. "Usajili wa darasa la nane."

Wasiosoma Kenya nitawaeleza. Kwetu jina lako si lile ulilozaliwa nalo. Ni lile lililo kwenye cheti cha mtihani wa darasa la nane. Unaandika majina matatu kwenye karatasi ya usajili, na kwa desturi la tatu ni la baba. Yakishakwenda yamekwenda. Kitambulisho kinafuata cheti, pasipoti inafuata kitambulisho, na maisha yako yote yanafuata pasipoti. Mtoto wa miaka kumi na minne anapewa kalamu ya bluu na kuambiwa ajipe jina la kufia nalo. Serikali gani yenye akili hufanya hivyo? Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ndugu zangu wote wawili waliandika jina la baba bila kufikiri mara mbili.

Mimi nilikuwa nimeiona kadi ya ubatizo ya babu ndani ya kopo la bati, chini ya risiti za kodi. Lile jina liling'aa. Lilikuwa jina la mtu mwenye gari. Na tena wiki hiyo hiyo baba, aliyekuwa mwalimu wetu wa hesabu, alinichapa mbele ya darasa zima. Viboko vinne, kwa kushindwa kutafuta eneo la duara ambalo usiku uliotangulia alikuwa amenifundisha mezani. Jumatatu alinichapa, Jumatano karatasi zikaja. Nilitaka kumkomoa. Nilimaliza kuandika nikaikabidhi bila kumtazama. Baadaye, sijui lini, nikaanza kusema kwamba jina nilipewa.

"Na wewe ndiye uliyekusanya zile karatasi," nikamwambia.

"Nilikuwa msimamizi. Yako niliisoma mara mbili."

"Mbona hukunirudishia niandike upya?"

"Niliwaambia nyote, andikeni jina mnalotaka kuitwa mpaka kaburini. Nikaona la kwangu hulitaki. Ningekulazimisha?" Alikohoa. "Na nilikuwa nimekuchapa Jumatatu. Nilijua ni kwa nini. Nikasema, acha, akikua atakuja kulirekebisha. Nikangoja."

Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia wageni kwenye semina jinsi babu yangu alivyoporwa jina, na aliyeporwa yuko hai, anaulizia mahindi, na mwizi ni mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Baba, aliyezoea kumaliza simu kabla haijamaliza bando, akaniuliza kama bado nipo.

"Nipo, baba."

"Jina la babu yako, kama unalitaka, chukua. Hana ubaya na wewe."

Nilimwambia nimebadilisha mawazo, na nikamwambia ninalolitaka. Akasema mvua inakuja, ana nguo kwenye kamba, tutaongea. Baba hajawahi kuanua nguo maishani mwake.

Niliitoa fomu kwenye friji jioni ile ile. Mke wangu alisoma nilichoandika, akaniuliza hiyo ni ya nani tena.

"Ya baba yangu."

"Ile mwalimu? Si ulisema ya babu?"

Nikamweleza yote, na viboko nikavitaja. Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Miaka kumi na moja weye unatukana ba missionnaire!" Kisha akajifuta macho na kutia sahihi, na akasema kwamba jina ni nzuri, iko na uzito.

Kazini, mama wa chumba cha tisa hakukumbuka kwamba tulikosana. Alinisoma kifuani, akashtuka, akaanza na mapipa. Nilimwacha afike mpaka kwenye pete za chuma. Halafu nikamwambia nimeleta karatasi. Nilikuwa nimetoa nakala ya fomu. Aliisoma kwa kioo chake cha kukuzia, polepole, kidole juu ya kila neno.

"Hili jina silijui," akasema. "Maana yake nini?"

Miaka kumi na moja nimeulizwa maana ya jina ambalo si letu, na lililo letu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia kwetu mtoto huitwa kwa msimu aliozaliwa, na baba yangu alizaliwa wakati wa mavuno, mama yake akiwa shambani na kikapu kikiwa nusu. Nilimsimulia na kikapu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili lake, akaiweka nakala yangu nyuma kabisa, baada ya jina lake mwenyewe. Nilitaka kumwambia haihusiki humo. Sikumwambia. Nikamwomba ainue mkono, akainua.

Cheti cha mtoto kilipokuja kwa posta nilikipiga picha na kumtumia baba. Alama mbili za bluu zilitokea mara moja. Amekisoma. Siku ya kwanza hakujibu, siku ya pili hakujibu, na mimi nikawa naivuta simu mfukoni kazini kinyume cha sheria, nimekasirika kama mtoto anayengoja daftari lirudi. Mtu anampa mzazi wake zawadi kubwa namna ile, naye anakaa kimya! Siku ya tatu ujumbe ukaja. Baba huandika ujumbe wa simu kwa nukta na mikato yote, kama anayesahihisha insha.

"Nimekisoma mara mbili. Mtoto amepata. Nashukuru. Lakini kwenye mstari wa baba yake mzazi kuna mtu nisiyemjua."

Nilikichukua cheti nikakitazama vizuri. Ni kweli. Juu liko jina la binti yangu, na mwisho wake jina la baba yangu, wazi kabisa. Chini, kwenye nafasi ya baba, yuko fundi mapipa. Babu na mjukuu wameshikana, na katikati yao nimesimama mimi na jina la mfadhili.

Kubadilisha jina hapa ni balaa. Ni fomu juu ya fomu, halafu leseni, benki, cheti cha polisi, pasipoti, kitambulisho cha kazini, na wakala wa nyumba ambaye hatimaye alikuwa ameniamini. Nilimwandikia baba kwamba itachukua miezi.

Safari hii alijibu papo hapo: "Nimezoea kungoja."